Diski za mgongo zikichakaa, kitanda sio dawa

Kila nikisema diski zangu za mgongo, vile visahani laini vya katikati ya pingili, zimechakaa lazima atokee mtu wa kunishauri nilale kwenye mbao, mwingine nitafute mchuaji anikanyage mgongoni. Kuchuliwa juu juu na mafuta sawa, raha yake naijua, ila kukanyagwa hapana jamani.

Mimi nashona, cherehani ndo ajira yangu, na kinachonimaliza ni kukaa, yani nikiinamia kitambaa muda mrefu huku chini ya kiuno panawaka afu moto unashuka kalioni mpaka kwenye unyayo, nikiinuka nikatembea unapungua. Fizio wangu, yule wa mazoezi ya viungo, alinielewesha kwamba diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, inapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa kama sponji, sasa ukijilaza kutwa kwa kuogopa maumivu unainyima hata hicho kidogo. Kwahiyo mi nashona kidogo, nainuka, nazunguka nje, narudi, wateja wameshazoea.

Na majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, yasikutie kiwewe. Yangu yalisema L4-L5 na L5-S1, yani diski mbili za chini kabisa kiunoni, zimepungua maji nikajiona kilema tayari, kumbe hizo za chini ndo huchakaa sana maana ndo zinabeba mzigo, na kuna wazee kibao ukiwapiga picha diski zimeisha na wala hawaumwi.

Nyumbani ndo kwenye kazi. Beseni la kufulia liweke juu ya meza, maji beba ndoo mbili nusunusu mkono huku na huku badala ya moja iliyojaa, na kudeki tafuta mopa ya mti mrefu, mama mkwe akisema umekuwa mvivu mwache aseme. Kwenye daladala siti ya nyuma kabisa siigusi, matuta yale yanakurusha balaa. Sofa za kuzama pia nazikimbia, ugenini naomba stuli wanadhani najishusha.

Diklofenaki, zile dawa za maumivu, za kujinunulia kila siku acha, zinaumiza tumbo na figo, muulize daktari kwanza.

Ila mkojo ukigoma au ukitoka bila kujijua, ganzi ikashika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au miguu ikalegea ghafla, hapo usisubiri kukuche wala usianze kuniuliza mimi, ita bajaji uende hospitali usiku huohuo.