Mtoa mada, usishike hiyo droo ya pesa kabla hujaihesabu

Usisaini hiyo fomu. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikarudia, nikapitilizwa kituo. Ndiyo maana najibu kwa hasira, utanivumilia.

Umesema uko mwaka wa pili, unakaa hosteli Mabibo, umepata kibarua cha kulipwa kwa saa kwenye ukumbi wa sinema, kaunta ya bisi na soda, unaanza Ijumaa. Unauliza kama hela inatosha, kama utapata muda wa kusoma, kama wafanyakazi wanaangalia filamu bure, na usiku utarudije. Halafu kule chini kabisa, kama vile si kitu, unagusia kwamba wamekupa fomu ya "pesa pungufu", ya kukubali kukatwa hesabu ikipungua, na jamaa aliyekuunganisha kasema kila mtu anasaini, ni utaratibu tu. Ndugu yangu, swali lako lilikuwa hapo. Mengine yote mapambo.

Mimi niliisaini 2019. Ukumbi siutaji, sitaki kuitwa mahali.

Kwanza uelewe mchezo wenyewe. Watu wanadhani bisi zinapimwa kwa kilo. Wapi! Yanahesabiwa maboksi matupu. Zamu imeanza na maboksi 300, imeisha na 180, basi umeuza 120. Mashine ya risiti ikisema 110, hayo kumi unayalipa wewe. Boksi likiloa umeuza. Likichanika umeuza. Mtoto akimwaga zake mlangoni ukamwonea huruma ukamjazia jingine, hongera, umeuza. Glasi za soda hivyo hivyo.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi, filamu kubwa, foleni imetoka ukumbini mpaka kwenye ngazi. Naingia saa 10 jioni. Mwenzangu anayetoka ameshavua aproni, begi begani, anawahi gari. Nikamwambia supavaiza tuhesabu kwanza. Akanishika bega: "Mdogo wangu, tutahesabu baadaye, huoni wateja? Sisi hapa ni familia." Nikafungua droo. Noti za elfu kumi zimechanganyika na za elfu tano, sarafu zimerundikwa kwenye glasi ya soda. Nikasukumiwa daftari la makabidhiano, nikasaini. Pale pa kuandika kiasi palikuwa patupu. Patupu kabisa! Na nina kidato cha sita, mchepuo wa hesabu, msinicheke.

Saa 6 usiku tunafunga, nanuka mafuta mpaka kwenye kope. Supavaiza anahesabu noti huku analamba kidole, mara ya kwanza, mara ya pili, ananiangalia. Pungufu 118,000. Maboksi makubwa 11 hayaonekani, elfu nne nne, hiyo 44,000. Jumla 162,000. Nikasema tuangalie daftari, niliipokea ikiwa na ngapi? Likafunguliwa. Pale palipokuwa patupu palikuwa pameshajazwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na chini yake sahihi yangu inang'aa.

Nilikuwa nalipwa 1,500 kwa saa. 162,000 ni saa 108. Saa mia moja na nane za kufagia bisi chini ya viti, kuokota pampasi (ndiyo, pampasi, mtajua hamjui) na kuambiwa na mtoto wa watu kwamba soda yake ina barafu nyingi. Mwisho wa mwezi nikapewa bahasha nyepesi nikadhani wamesahau kuweka kitu.

Na yule kaka wa mtaani aliyeniunganisha, nilimpigia usiku ule ule. Akaniambia, "Usiwe mjuaji, utaniharibia jina." Jina lipi? Huyo huyo mwaka jana kanitafuta kuuliza kama kuna nafasi ninapofanya kazi sasa. Ipo. Bado sijamjibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ilikuwa upande wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28: mwajiri hakukati hasara mpaka iwe imetokana na kosa lako, akupe sababu kwa maandishi, na akupe nafasi ya kujitetea. Hata ukikubali, mkato hauzidi robo ya mshahara. Mimi walinifyeka mzimamzima. Nimekuja kuyajua haya miezi minne baadaye, nikaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikaulizwa nimechelewa wapi. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60, ukipitisha uombe kwanza kuongezewa muda na uwe na sababu za kueleweka. Sababu yangu ilikuwa "niliambiwa sisi ni familia". Nikarudi nyumbani.

Baba mdogo alichana tiketi ukumbi wa sinema wa Empire enzi zile. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Anasema kwao tiketi zilikuwa kwenye roli, kila moja na namba, na hakuna aliyepokea roli kabla hajaandika namba ya juu mbele ya anayemkabidhi. Mtu wa darasa la saba!

Kwa hiyo Ijumaa, foleni hata ifike barabarani, simama. Hesabu noti, hesabu sarafu, hesabu maboksi na glasi, andika mwenyewe kwa kalamu, anayekukabidhi asaini, supavaiza asaini, piga picha ukurasa. Dakika kumi na tano. Wakinuna wanune. Wakikwambia tutahesabu baadaye, waambie basi na kuuza baadaye.

Hela: haitoshi. Zamu fupi, yenye urefu wa saa tano, ilinipa 7,500, na sinema ya mwisho ikiisha daladala za kwetu Tabata zimeshapotea, bodaboda elfu nne. Ukumbi ukiwa na watu sita wanakurudisha nyumbani, na saa yako inakomea hapo. Halafu kuanzia saa 2 usiku sheria inataka nyongeza ya asilimia tano, kwangu ingekuwa shilingi 75 kwa saa. Haifiki popote, ila ni yangu na sikuiona.

Hiyo fomu ipige picha uiweke hapa, ziba majina. Nataka kuona kama sehemu ya kiasi wameiacha tupu.