Skwoshi ya kulipwa ukiwa Mwanza: mpira wa baridi na tini ya sentimita 43

Binti anayejifunzia skwoshi, mchezo wa raketi wa kupiga mpira ukutani, hapa Mwanza ana adui asiyemjua: joto. Korti ikishapigwa na jua la saa nane mchana, mpira wa doti mbili za njano, ule ule wa mashindano ya kulipwa, unaruka kama wa watoto. Isitoshe tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haiupunguzi mwendo. Kila mpira mrefu unarudi wenyewe kutoka ukuta wa nyuma, na mchezaji anazoea kuungoja. Mpeleke Uingereza mwezi Januari: mpira unafia konani, yeye bado anaungoja.

Ndivyo ulivyotengenezwa. Ukiwa wa baridi, uangushe, unarudi kama sehemu moja ya nane ya kimo. Ukifika nyuzijoto 45 unarudi robo mpaka theluthi.

Kwa hiyo ingia kortini saa 12 asubuhi. Funga mipira mitatu kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, itie kwenye deli la barafu. Piga mmoja kwa dakika 4 au 5, upande mmoja tu, ukiunyoosha kandokando ya ukuta na kuupiga kabla haujafika ukuta wa nyuma. Ukianza kuchangamka, toa mwingine. Uliolowa weka pembeni, maana unateleza ukutani badala ya kuruka. Masika kuta zikitoka jasho, acha kabisa, fanya mazoezi ya kivuli: sehemu sita za korti (kona nne na katikati ya kila ukuta wa pembeni) bila mpira, sekunde 45 kazi, 45 pumziko, mara 10, kila safari ukirudi kwenye T, pale mistari ya sakafuni inapokutana katikati ya korti. Kukimbia barabara ya Capri Point kila siku kunajenga pumzi, lakini hakufundishi kusimama ghafla na kugeuka.

Jambo la pili ni tini, ile sehemu ya chini ya ukuta wa mbele ambayo mpira ukiigonga umepoteza pointi. Klabu nyingi zina ya kimo cha sentimita 48. Wanawake wa PSA, chama cha skwoshi ya kulipwa, wanachezea ya 43 tangu Septemba 2015, sawa na wanaume. Sentimita 5 unaweza kuzidharau, ila mpira wa kudondosha, ule unaopigwa kwa upole ufie mbele, sasa unatua karibu zaidi na ukuta wa mbele, na wewe unadaiwa hatua moja ya ziada. Kama tini ya klabu yenu haishuki, mwenzako asimame mbele auachie mpira kwa mkono, mita moja hivi kutoka ukutani, wewe uukimbilie kutoka T. Mguu wa mbele utue kwa kisigino, goti lielekee vidole vilikoelekea. Goti likilala kwa ndani, punguza kasi hapo hapo. Ni rahisi kuumia kwenye raundi za mwisho za zoezi, miguu ikishachoka.

Kuhusu fedha tusidanganyane. Mashindano ya ngazi ya Challenger, ngazi ya chini ya mashindano makubwa ya PSA, hayarudishi nauli ukitolewa raundi ya kwanza. Panga mawili mfululizo katika safari moja, na uwaulize waandaaji mapema kama wana familia za kupokea wachezaji. Ukiwa na viza ya Ulaya ya kuomba, weka kwenye bajeti safari ya Dar es Salaam ya alama za vidole. Nairobi ni nafuu: basi, kupitia Sirari. Beba raketi mbili zenye nyuzi za mkazo uleule. Ukibadilisha katikati ya gemu mkono usipotee. Na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwenye begi, kwa sababu ratiba huchelewa na kantini ya klabu huwa imeshafungwa.