Lapsang Souchong: chai ya moshi isiyotaka maziwa

Kwetu chai ikinuka moshi, lawama ni za aliyeiinjika kwenye kuni bila kufunika sufuria. Wachina wa jimbo la Fujian wao wanautia moshi huo makusudi, na wateja wanalipia pesa nzuri. Chai yenyewe inajulikana kama Lapsang Souchong, ingawa kwenye pakiti nyingi za Kichina utasoma Zhengshan Xiaozhong. Karibu kila niliyemwonjesha alikunja uso kwanza, kisha akaomba maziwa na sukari. Ombi hilo huwa nalikataa.

Chimbuko lake ni Tongmu, kijiji kilicho ndani ya hifadhi ya milima ya Wuyi, karibu na mpaka wa Fujian na Jiangxi. Mgeni asiye Mchina haruhusiwi kuingia huko. Wenyeji husimulia kwamba katikati ya karne ya 17 askari walipiga kambi kwenye banda la chai, majani yakachelewa kukaushwa na kugeuka rangi. Mwenye mali hakutaka kula hasara, akayakausha chapuchapu kwa moto wa msonobari na kuyapeleka sokoni hivyohivyo. Kama ni kweli au ni ngano, shauri yao. Wajuzi wengi wa chai wanaitaja Tongmu kuwa ndiko chai nyeusi, yaani ya majani yaliyovundikwa kama hii yetu ya dukani, ilikoanzia duniani.

Nyumba ya kukaushia ni ya mbao, yenye ghorofa. Kuni za msonobari huwashwa chini, joto na moshi vikapanda kupitia nafasi za sakafu. Majani mabichi hutandazwa juu yanyauke, kisha husokotwa mpaka utomvu utoke, hujazwa vikapuni na kufunikwa kitambaa yavundike kwa saa kadhaa hadi yawe na rangi ya shaba. Kwa njia ya zamani hupitishwa kidogo kwenye karai la moto na kusokotwa tena. Mwisho hurudi kwenye moshi, yakiwa yametandazwa juu ya nyungo za mianzi.

Muda wote huo jani halikatwikatwi. Chai yetu ya dukani, iwe ya Kericho au Mufindi, kwa kawaida imepita kwenye mashine za kukata na kuchana, ikawa chembechembe zinazotoa rangi mara moja na kuhimili maziwa. Jani zima hutoa ladha polepole. Ukilichemsha jikoni dakika kumi pamoja na tangawizi na iliki, utabaki na uchungu na moshi, basi.

Mimi nilifundishwa kuinusa kabla ya kuinywa, kwenye soko la chai la Fangcun, Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua vizuri. Muuzaji alitia majani kwenye kibakuli cheupe chenye kifuniko, akamimina maji ya moto, akayamwaga papo hapo, halafu akaninyooshea kile kifuniko. Upande wa ndani ulinukia moshi kwanza. Kilipopoa kidogo ikaja harufu ya utamu: longan iliyokaushwa, tunda la ukoo mmoja na shokishoki. Utamu huo ndio wa kuutafuta unaponunua. Chai inayonuka lami tupu mara nyingi ni jani duni lililofukizwa kupita kiasi, tena huenda halijatoka Tongmu kabisa. Muulize muuzaji pia kama imefukizwa, maana siku hizi jina hilohilo linauzia chai isiyopitishwa kwenye moshi. Hiyo nayo ni tamu, ila ni kinywaji kingine.

Watakutajia vilevile Jin Jun Mei, iliyobuniwa Tongmu mwaka 2005. Hutengenezwa kwa machipukizi matupu, makumi ya maelfu kwa nusu kilo, na bei yake inatisha. Iliyo feki imejaa sokoni. Kwa anayeanza, naona ni kutupa pesa.

Nyumbani natia kijiko kimoja cha chai kilichojaa, kama gramu 3, kwa kikombe cha mililita 200. Maji yakichemka nayaacha yatulie kidogo, namimina, nafunika dakika mbili hadi tatu, nachuja. Majani hayohayo hukubali maji tena mara mbili, na mkupuo wa pili ndio ninaoupenda, kwa kuwa moshi umepungua na utamu umejitokeza. Kichukulie kikombe hicho kama chai ya rangi, au turungi kwa ndugu zetu wa Kenya, lakini bila sukari. Inaendana sana na samaki wa kuchoma na mishkaki. Kwa mandazi sikushauri.

Nunua gramu 50 tu kwanza, uitie kwenye kopo linaloziba vizuri. Usiiweke karibu na unga, mchele wala chai nyingine, la sivyo wiki nzima kila kitu kabatini kitanuka moshi.