Mizinga juu ya paa la shule

SWALI: Ninafundisha biolojia sekondari, shule iko katikati ya mji. Nataka kuweka mizinga miwili juu ya paa, wanafunzi wajifunze ufugaji wa nyuki. Walimu wenzangu wanahofia watoto kudungwa. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, kibali kwanza, kisha barua kwa wazazi ili uwajue wenye mzio wa sumu ya nyuki. Hao wape daftari la kumbukumbu, wabaki chini.

Nyuki wasubiri. Weka mzinga mtupu wa fremu (viunzi vya mbao vinavyoshika masega) mezani darasani, kila mmoja atoe fremu na kuirudisha bila kuigonga. Anayeivuta kwa pupa hapandi paani, hata awe wa kwanza darasani.

Mkifika juu, msihangaike kumsaka malkia. Mwanafunzi ageuzie jua mgongo, ainamishe fremu kidogo, mwanga uingie ndani ya vijumba vya sega. Yai ni kama kipande kifupi cha uzi mweupe: siku ya 1 limesimama wima, siku ya 3 limelala. Akiliona lililosimama, anajua malkia alipita hapo karibuni. Waachie wenyewe wakokotoe, wakihesabu tangu yai litagwe: kibarua (nyuki mfanyakazi) hutoka siku ya 21, dume ya 24, malkia ya 16.

Wenzako waambie hivi: uzio wa mita 2 mbele ya mlango wa mzinga huwalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watu. Anayedungwa akwangue mwiba papo hapo kwa ukucha. Kadiri unavyokaa, sumu inaingia. Akivimba uso au kupumua kwa shida, hospitali mara moja.