Kilomita chache? Uliza kwanza ililala miaka mingapi

Swali lenu la wiki hii limenigusa kabisa: ukikuta gari ya zamani ila imetembea kilomita chache sana, unanunua au unapita zako? Jibu fupi ni kwamba nilinunua na ningenunua tena. Jibu refu ndo hili, maana nilivyonunua mimi mtu mwingine asinunue hivyo.

Ilikuwa Julai 2021. Shangazi yangu anakaa Tanga, Raskazone, na jirani yake ni mzee mmoja mstaafu, enzi zake alikuwa mhasibu kwenye mashamba ya mkonge. Mzee alikuwa na Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, nyeupe, namba ya usajili ya A ile ya mwanzo mwanzo kabisa, imepaki kwenye banda nyuma ya nyumba, na kwenye viti vya mbele kuna vitambaa vya kushona kwa mkono kama vile vya kwenye makochi ya sebuleni. Nikachungulia dashibodi, kilomita 52,417. Nikarudia kusoma. Huku kwetu Kimara, Dar, Corolla ya umri huo ukiuliza imetembea ngapi unaambiwa dada hiyo mita ilishakufa, we sikiliza injini tu.

Nikamwamkia mzee, nikakaribishwa, ikaletwa chai, tukaongea habari za shangazi na mvua na bei ya nazi, ndo tukafika kwenye gari. "Mwanangu, gari hii haijawahi kufika hata Korogwe," akaniambia. Aliinunua 2003 ikitoka Japani, akawa anaendea sokoni Mgandini, msikitini Ijumaa, benki mwisho wa mwezi, basi. Mwaka 2012 macho yakaanza kumsumbua akaacha kuendesha. Tangu hapo mjukuu wake alikuwa anaiwasha kila Jumapili dakika kumi ili injini isilale. Mzee alilisema hilo kwa fahari, na mimi nililisikia kama habari njema. Mkiendelea kusoma mtaona.

Najua wengine mshaanza kusema mzee kanipiga, mita imechezewa. Hapana, na hapa ntawapa kitu cha kufaidi maana nilikuwa na mdogo wangu ambaye alishawahi kufanya kazi yadi ya magari Dar. Yeye hakuangalia mita kwanza, alianza na mpira wa pedeli ya breki, mistari bado ipo kama mpya, halafu usukani haujapata ule ung'aavu wa kushikwa shikwa, halafu pembeni ya kiti cha dereva pale mtu anapojisugua akishuka, sponji bado imesimama. Mita za gari hizo za zamani ni zile tarakimu zinazozunguka, zikichezewa mara nyingi hazikai kwenye mstari mmoja, moja inapanda juu kidogo nyingine inashuka. Hizi zilinyooka. Afu akafungua mlango wa dereva akaonesha stika ya Kijapani ya kubadilisha oili, imeandikwa 14.5 na kilomita 31,870. Mimi nilidhani 14 ni tarehe. Kumbe Wajapani wanahesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, enzi ile ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wa 14 ni 2002, na 5 ni mwezi wa tano. Kutoka hapo mpaka mzee anaacha kuendesha ni kama kilomita elfu 20 kwa miaka tisa aliyoendesha, na kwa safari za Mgandini inaingia akilini. Kwa hiyo kilomita zilikuwa za kweli kabisa, na bado nilikuwa naingia mkenge.

Mzee alitaka milioni 5.5 tukaelewana 4.8. Kadi ipo, ina jina lake mwenyewe, na wanaonunua magari ya mkononi Bongo wanajua hilo peke yake ni la kushukuru, maana kuna gari zimepita mikono mitano na kadi bado ina jina la marehemu. Ile ada ya kila mwaka ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo wasiwasi wa zamani wa gari kulala huku deni linakua haukuwepo. Mkataba tukaandikiana kwa wakili. Hapo nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Fundi wa Tanga akaweka betri mpya, akamwaga petroli ya zamani ambayo ilikuwa inanuka kama vanishi ya fundi seremala, akabadilisha oili na plagi, akagusa gusa breki, akasema dada nenda. Matairi akayapiga teke akasema haya ni mapya, ona kashata zake. Na kweli kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zilikuwa ndefu.

Jumamosi saa moja asubuhi tukaondoka, mimi na mdogo wangu. Muheza tukapita tunaimba. Trafiki akatusimamisha kabla ya Segera akaomba kuona mtungi wa zimamoto, ulikuwepo, ila muda wake uliisha 2010, tukapigwa faini huku hata yeye anacheka. Kufika Kabuku gari ikaanza kukosa nguvu, ukikanyaga inajikwaa kama mtu mwenye kwikwi, ikazima. Fundi wa pale barabarani akafungua filta ya mafuta akaikung'uta kwenye kiganja, ikatoka kutu ya rangi ya ugolo. Kwenye tenki lililokaa na mafuta kidogo miaka yote hiyo, pale juu pakavu pameshika unyevu na kutu, sasa sisi tumejaza tenki na kuanza kuitikisa barabarani, kutu yote imeoshwa ikaenda kwenye pampu. Saa mbili zikaishia hapo.

Mkata tairi la nyuma likapasuka, lile lile lenye kashata ndefu. Ndo mdogo wangu akanionesha kitu ambacho alitakiwa aangalie Tanga (na mpaka leo namkumbusha): pembeni ya tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, ilikuwa 2109, yaani wiki ya 21 ya mwaka 2009. Tairi la miaka 12. Kashata haiishi kama hutembei ila mpira unakauka, ukikunja ukuta wake unaona nyufa kama ardhi ya kiangazi. Tukatoa spea. Spea yenyewe ilikuwa na tarakimu tatu tu, 158, kwa sababu matairi ya kabla ya mwaka 2000 yalikuwa yanaandikwa hivyo, wiki ya 15 ya 1998. Ilitoka na gari kiwandani jamani! Tukaifunga tukaenda nayo spidi 50 huku nasoma kila dua ninayoijua.

Kabla ya kufika daraja la Wami hosi ya juu ya rejeta ikapasuka, mvuke mpaka kwenye kioo. Tukaifunga na kipande cha mpira wa baiskeli, tukawa tunasimama kuongeza maji kila baada ya kilomita chache. Na baada ya Chalinze ekzosi ikakatika, tukaingia Kimara saa sita usiku tunanguruma kama trekta, majirani wakatoka nje kuangalia. Hiyo ndo gari yangu ya kilomita elfu 52.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Aliyapanga chini kwenye boksi vitu vyote alivyotoa, akaniuliza, "Dada, unaona nini hapa?" Nikasema naona hela yangu. Akasema hapana, angalia vizuri, hakuna hata kimoja kilichokufa kwa kutembea. Ilikuwa hosi, tairi, sili, bushi, mkanda, ekzosi, silinda za breki za nyuma zimegandamana. Yote ni mpira uliokauka au chuma kilichokula unyevu. Injini yenyewe alipoipima kompresheni ilikuwa safi silinda zote nne.

Na ile habari ya mjukuu kuwasha kila Jumapili ndo ilimchekesha zaidi. Anasema injini ikiwaka inatoa maji pamoja na moshi, ndo yale matone unayaona kwenye bomba asubuhi. Ukiendesha nusu saa bomba linachemka maji yanakauka, na hata unyevu ulioingia kwenye oili unatoka. Ukiwasha dakika kumi imesimama unazima, maji yote yanabaki ndani, Jumapili ijayo unaongeza mengine. Miaka tisa! Ekzosi imeoza kutoka ndani huku nje imepakwa rangi ya silva inang'aa. Chini ya mfuniko wa oili kulikuwa na utando mzito wa rangi ya kahawa ya maziwa. Kumbe ingekuwa heri isingewashwa kabisa, au ingetembezwa mpaka Muheza na kurudi mara moja kwa mwezi. Hata safari za Mgandini zilikuwa za aina hiyo hiyo, injini haijapata joto umeshafika. Wanaosema "ilikuwa ya mzee, anaendea ibadani tu" wanadhani wanaisifia. Ongeza na chumvi ya bahari, Raskazone upepo wa baharini hauishi, chini ya bodi tulichomelea sehemu mbili.

Mkanda wa taiming, ule unaofanya vavu na pistoni ziende kwa mpigo mmoja, ndo ulinitisha. Kitabu cha gari kinasema ubadilishwe kilomita laki moja, kwa hiyo kwa hesabu yangu ndo kwanza nilikuwa nimepita nusu kidogo. Fundi akaukunja mbele yangu, meno mawili yakadondoka. Akaniambia bahati yako injini hii ya 5A mkanda ukikatika gari inazima tu, ingekuwa injini nyingine vavu zingegongana na pistoni pale pale Mkata ungeagiza injini.

Ukijumlisha kila kitu, matairi, mkanda na wota pampu, breki, tenki kuoshwa, pampu ya mafuta ya mtumba kutoka Ilala, hosi, bushi, ilifika kama milioni 1.5. Ukiweka na ile 4.8 ni 6.3. Sa hapo ndo watu wananiuliza si ungeagiza Japani? Hapana, ukiagiza gari ya mwaka 1998 leo kodi ya uchakavu inakungoja bandarini, na binamu yangu aliyeko Mombasa hata kuwaza haruhusiwi, Kenya gari ikizidi miaka 8 haiingii. Kwa hiyo gari za hivi tunazipata humu humu ndani, kwenye mabanda ya wazee, na mi nasema mtu akipata asiiache. Chuma cha zamani ni kigumu, spea za 110 zimejaa, fundi yeyote anaijua hata akiwa amefumba macho. Ila iangalie kama gari iliyokaa, usiiangalie kama gari mpya. Swali la "imetembea ngapi" mi siku hizi nauliza la mwisho. Naanza na mara ya mwisho ilienda safari ndefu lini, ililala wapi, banda lina sakafu au ni mchanga, mafuta yaliyomo ni ya mwaka gani, panya wapo. Nasoma tarakimu za matairi pamoja na spea. Naomba bei nikiwa nimeshatoa kichwani hela ya kila kitu cha mpira, mwenye gari akikasirika nakunywa chai naondoka. Na siendeshi kwenda nayo nyumbani siku ya kwanza. Kupakia kwenye lori kutoka Tanga ningelipa hela, ndiyo, ila nisingefunga rejeta kwa mpira wa baiskeli saa kumi na mbili jioni Wami.

Desemba 2022 nilienda nayo Tanga kwa shangazi. Mzee akasikia honi akatoka na fimbo yake, akaizunguka gari taratibu anaipapasa, akafika kwenye kiti akagusa vitambaa, bado vipo, nilivifua nikavirudisha. Akauliza, "Sasa imefika ngapi?" Nikamwambia elfu 71 na ushee. Akanyamaza anapiga hesabu, si mhasibu yule. Akasema, "Yaani mwaka na nusu umetembea kama mimi miaka tisa."

Nikafikiri amekasirika. Kumbe alikuwa anatafuta kofia yake. Akaingia mbele akafunga mkanda, akaniambia twende Korogwe.

Tukaenda. Tulikunywa soda stendi, tukanunua machungwa Muheza wakati wa kurudi, njia nzima kashusha kioo na mkono nje.