Kabla hujailaumu maikrofoni

Dada yangu, unasema uliongea na mumeo kuhusu friji, hukutafuta chochote, na kesho yake tangazo la friji likakutokea Facebook. Hofu yako ina msingi, ila sidhani kama mlisikilizwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android wasipate ushahidi wa hata moja kuwasha maikrofoni kwa siri. Walichokuta ni baadhi zikirekodi skrini ya mtumiaji na kuipeleka kwa kampuni nyingine, jambo ambalo mimi linanikera zaidi.

Muulize mumeo kama alitazama bei kwenye simu yake. Maduka mengi ya mtandaoni yamewekewa msimbo wa Meta uitwao Pixel, unaoijulisha Facebook nani ametazama bidhaa gani, hata akiwa nje ya Facebook. Changanya na intaneti mnayotumia pamoja, namba mlizohifadhi na mahali mlipo: Facebook haihitaji sauti yenu.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, uzinyime maikrofoni na mahali ulipo programu zote zisizovihitaji. Kwenye Android futa pia kitambulisho cha matangazo, yaani namba ya simu yako ambayo watangazaji huitumia kukufuatilia. Kwenye iPhone kataa ombi la kukufuatilia. Na ukiona alama ya kijani (Android 12 kwenda juu) au kidoti cha chungwa (iPhone) juu ya skrini, dalili kwamba huenda maikrofoni inatumika, ilhali huongei na simu wala hurekodi, angalia mara moja ni programu gani, uiondoe.