Nyumba inanuka na unadeki kila siku? Ushauri wangu kwa wakazi wa Dodoma

Anza na choo cha wageni. Nyumba nyingi zilizojengwa Dodoma tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 zina choo zaidi ya kimoja, na mara nyingi kimoja hakiguswi mpaka ndugu waje. Chini ya sinki, na chini ya lile tundu la sakafuni bafuni, kuna bomba lililopinda ambalo mafundi huliita trapu. Pindo lile hubakiza maji kidogo ili hewa ya shimo la maji taka isipande ndani. Hewa yetu huku ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka. Tundu lisilomwagiwa maji hukauka, njia ya hewa chafu hubaki wazi, na nyumba nzima hunuka mtaro ilhali mama anadeki kila asubuhi.

Dawa yake ni jagi la maji. Mimina kwenye kila tundu angalau mara moja kwa wiki, hata wakati wa mgao. Maji uliyosuuzia nguo yanafaa kabisa. Kama unasafiri kwa muda mrefu, ukishamimina maji ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta yataelea juu na kuchelewesha maji kukauka. Nimewaambia hivi majirani wengi waliokuwa wanapanga kuita fundi avunje sakafu, na wengine hawakuhitaji kumwita tena.

Naanza na trapu kwa sababu naamini kwa moyo wote kwamba harufu mbaya ni taarifa. Kuna kitu kimeoza, kimelowa, au kimeachwa wazi. Ukipulizia manukato juu yake umenyamazisha taarifa na tatizo liko palepale. Kwa hiyo kwanza chanzo, kisha kukata harufu, manukato yaje mwisho.

Chooni, tazama pia ile gamba nyeupe au ya manjano inayoganda kwenye bakuli. Maji ya visima vya huku yana chumvichumvi na huacha ukoko, na ukoko huo hushika mkojo. Sabuni haiutoi. Siki inautoa: mimina usiku, acha hadi asubuhi, sugua kwa brashi. Lakini tafadhali sana, usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu, na bafu zetu nyingi zina dirisha dogo. Siki pia hula terazo na marumaru, kwa hiyo isimwagike sakafuni ikaachwa.

Harufu ya samaki inawasumbua wengi, na huku tunakula sana dagaa na perege wa Mtera. Inatokana na kemikali zenye asili ya alkali, ndiyo maana asidi huikata: ndimu, limau, siki. Pangusa meza na ubao wa kukatia kwa ndimu kabla ya sabuni. Maziwa yaliyomwagika na kuchacha ni kinyume chake. Pale harufu ni ya asidi, na inayofaa ni bekingi soda. Ukishalielewa hili huhitaji kukariri mapishi ya mtandaoni. Utajua pia kwa nini hakuna maana ya kuchanganya siki na bekingi soda kwenye chupa moja: vinatoa povu zuri la kutazama, kisha kila kimoja kinamaliza nguvu ya mwenzake.

Godoro lenye mkojo wa mtoto linahitaji vyote viwili, ila kwa zamu. Nyonya unyevu kwa kitambaa, nyunyiza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha litoe juani. Jua la Dodoma ni mali, tulitumie. Likikauka kabisa, nyunyiza bekingi soda, iache saa kadhaa, halafu ipukute kwa brashi. Viatu navyo: kijiko cha bekingi soda ndani usiku, asubuhi unakung'uta. Friji baada ya umeme kukatika: toa kilichoharibika, futa kwa maji yenye bekingi soda, kisha acha bakuli dogo la soda hiyo likiwa wazi ndani.

Kabatini mimi hutumia mkaa. Vipande vidogo vikavu, ndani ya mfuko wa kitambaa, vinanyonya unyevu na harufu ya nguo zilizokaa muda mrefu. Kila baada ya wiki chache uanike juani urudishe. Nasema mkaa usiowashwa. Jiko la mkaa linalowaka halifai kuingizwa ndani ili eti lifukize ubani chumba kizima. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Sasa manukato, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukua sufuria, maji nusu, maganda ya machungwa au malimau, karafuu kiasi cha kijiko, kijiti cha mdalasini na mche mmoja wa mchaichai uliopondwa. Chemsha nje kwenye jiko lako la kawaida, kisha ingiza sufuria ya moto sebuleni na uiweke juu mtoto asipofika. Nyumba itanukia pilau ya sikukuu. Nusu saa kabla ya wageni inatosha.

Ya kupulizia hutengenezwa polepole. Jaza maganda ya limau kwenye chupa ya kioo, funika kwa siki nyeupe, weka kando wiki mbili. Chuja, changanya na maji kiasi sawa, tia kwenye chupa ya kupulizia. Mwanzoni utasikia siki. Ikikauka, ukali wake unaondoka. Ukipenda mafuta ya mkaratusi au ya mchaichai, matone machache tu, na utikise kila unapotumia kwa sababu mafuta na maji havishikani. Mwenye pumu nyumbani, acha mafuta haya na acha udi pia. Moshi wa udi ni moshi, hata ukinukia vizuri, na mtoto akianza kukohoa fungua madirisha.

Kwa kabati la nguo, nunua sokoni Majengo chungwa dogo lenye ganda gumu na karafuu. Toboa ganda kwa kijiti, chomeka karafuu zikaribiane hadi chungwa lifunikwe, kisha liweke kwenye sahani kivulini penye upepo na uligeuze kila siku. Ukavu huohuo unaokausha trapu zetu ndio unaolifaa chungwa hili. Penye unyevu wa pwani ni rahisi zaidi kuota ukungu. Litasinyaa na kuwa jepesi na gumu, hapo liingize katikati ya kanga na mashuka. Usilianze wakati wa mvua za Januari. Subiri Juni, upepo utakusaidia.